Raba kwa Kazi Yake: Ushauri kwa Mwanaume Anayenunua Kiatu cha Michezo

Mwanaume akiingia dukani kununua raba huulizwa mambo mawili: anavaa namba ngapi na anataka rangi gani. Swali linalopaswa kutangulia yote hayo haliulizwi na muuzaji wala mnunuzi: raba hiyo inakwenda kufanya kazi gani?

Kwa kutouliza swali hilo, raba ya kutokea inaingizwa kwenye mchakamchaka wa Jumamosi, kiatu cha kukimbilia kinabebeshwa vyuma vya jimu, na kiatu cha mpira wa kikapu kinapandishwa mlima. Wiki chache baadaye goti linauma, kisigino kinawaka asubuhi, ukucha wa kidole gumba umekuwa mweusi. Lawama zinaangukia umri, uzito au mazoezi yenyewe. Wengi huacha mazoezi kabisa, na hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko fedha ya kiatu.

Makala haya yanamlenga mwanaume wa kawaida, mwenye uwezo wa kununua jozi moja au mbili kwa mwaka, awe ananunua kwenye fremu ya Kariakoo, kwenye mtumba wa Karume au Gikomba, au kwa machinga anayepita mtaani. Kwake yeye kiatu kisichofaa hakitupwi kirahisi. Atakivaa hadi kiishe, na mwili wake utalipa gharama muda wote huo.

Maswali matatu kabla ya bei

Jiulize kwanza: mwili wangu utakuwa unakwenda upande gani? Anayekimbia barabarani huenda mbele tu. Anayecheza kikapu au mpira wa miguu hukata kushoto, hukata kulia, huruka na kusimama ghafla. Anayebeba vyuma hahami kabisa. Anachohitaji ni ardhi isiyomyumbisha. Kiatu kilichoundwa kwa ajili ya kwenda mbele kina sponji nene na laini, na mara nyingi kisigino chake kimeinuliwa. Mtu akikata kona kwa kasi akiwa amekivaa, sponji hubonyea upande mmoja na kifundo cha mguu kinapinda. Watu wengi hutegua miguu namna hiyo, na kiatu chenyewe kinakuwa kizuri kabisa kwa kazi nyingine.

Swali la pili: nitakanyaga wapi? Lami, vumbi, nyasi, mchanga, saruji na sakafu ya vigae kila kimoja kinataka soli yake.

La tatu: kwa muda gani? Kiatu cha dakika arobaini za mazoezi si kiatu cha saa kumi za kusimama kazini.

Ukishayajibu hayo matatu, zaidi ya nusu ya viatu vilivyopangwa mbele yako vitakuwa vimejiondoa vyenyewe.

Kijue kiatu kabla hujakilipia

Raba ina sehemu nne za kuchunguza. Soli ya chini ndiyo inayogusa ardhi. Ni mpira, na meno yake ndiyo yanayoshika. Juu yake kuna soli ya kati, ile sponji inayopokea kishindo, ambayo kwenye viatu vingi ni povu la EVA au poliurethani. Kisha kuna sehemu ya juu inayofunika mguu, iwe ya kitambaa cha matundu, ngozi au plastiki laini. Nyuma kuna kikombe cha kisigino, kile kigumu kinachoshika mguu usiyumbe.

Fanya vipimo vitatu hapohapo dukani. Shika kiatu mbele na nyuma, kisha kikunje. Kinapaswa kukunjika pale vidole vinapoanzia, kama mguu wako unavyokunjika ukipiga hatua. Kikikunjika katikati, chini ya upinde wa unyayo, hakina mhimili, kirudishe. Pili, kisokote kama unakamua nguo. Kigome kidogo. Kinachojisokota bila upinzani hakitakusaidia kwenye ardhi yenye mashimo. Tatu, bonyeza kikombe cha kisigino kwa kidole gumba. Kikilala kwa urahisi, mguu utakuwa unaogelea ndani.

Kukimbia

Mwili unapokimbia, kila hatua hushusha ardhini nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mkimbiaji. Mwanaume wa kilo 80 anaipa miguu yake kazi kubwa sana katika kilomita tano za asubuhi, hasa juu ya lami. Ndiyo maana kiatu cha kukimbilia ni mahali pa mwisho pa kubania fedha.

Viatu vingi vya kukimbilia vina kisigino kilichoinuka kuliko vidole kwa milimita 8 hadi 10. Vingine vina tofauti ya milimita 4, na vipo vilivyo sawa kabisa mbele na nyuma. Hakuna kimo kilicho bora kwa kila mtu, lakini kuna hatari katika kubadili ghafla. Mtu aliyezoea kisigino kirefu akihamia kiatu bapa na kuendelea na umbali uleule, mzigo unahamia kwenye kigimbi na kano ya kisigino, na kano hiyo ikiumia hupona polepole. Ukitaka kubadili, vaa kiatu kipya kwa mbio fupi kwanza, na uongeze kidogokidogo kwa wiki kadhaa.

Utasikia pia ushauri wa kuchagua kiatu kwa umbo la unyayo: bapa, wa kawaida au wenye upinde mkubwa. Ushauri huo umeenea sana, lakini ushahidi wake ni dhaifu. Watafiti wa jeshi la Marekani waliwagawa askari waliokuwa kwenye mafunzo ya awali. Baadhi walipewa viatu kulingana na umbo la unyayo, na wengine walipewa aina moja bila kujali unyayo. Majeraha hayakutofautiana kwa kiwango cha maana. Kipimo kinachobaki na uzito ni raha ya mguu wako: kiatu kinachokaa vizuri tangu dakika ya kwanza, usichohisi kinakusukuma ndani wala nje.

Ardhi nayo ina neno lake. Kwa lami ya Barabara ya Bagamoyo au Ngong Road, tafuta sponji ya kutosha na soli yenye meno mafupi. Kwa njia za vumbi, kama zile za Iten wanakofanyia mazoezi wakimbiaji wengi wa Kenya, au vijia vya Msitu wa Karura, meno yawe marefu kidogo na sehemu ya mbele iwe ngumu ya kutosha kuhimili jiwe. Mchanga wa ufukweni hauhitaji sponji nene kwa sababu wenyewe ni laini, ila unachosha kigimbi. Anza kwa umbali mfupi, na ukimbie pale penye unyevu palipoganda.

Siku hizi vijana wengi wanaulizia viatu vyenye sahani ya kaboni ndani ya soli, vya aina aliyovaa Eliud Kipchoge alipokimbia marathon kwa saa 1:59:40 huko Vienna tarehe 12 Oktoba 2019. Viatu hivyo ni vya kweli na vinaongeza kasi, hadi Shirikisho la Riadha la Dunia likaweka kikomo cha milimita 40 kwa unene wa soli za mbio za barabarani. Lakini vimetengenezwa kwa ajili ya siku ya mashindano. Mwaka 2023 Adidas ilitoa kimoja chenye uzito wa gramu 138 tu, kwa bei ya dola 500, na yenyewe ikasema kimekusudiwa mbio moja ya marathon. Anayejiandaa kwa kilomita 5 au 21 za Kilimanjaro Marathon kule Moshi atafaidika zaidi na kiatu cha kawaida cha mazoezi kinachomtosha vizuri, pamoja na miezi mitatu ya kukimbia bila kukatiza.

Kutembea na kusimama kutwa

Wanaume wengi wanahitaji kiatu hiki kuliko kingine chochote, na ndicho wanachokifikiria kidogo kuliko vyote. Mwalimu, mlinzi, muuguzi, kondakta na muuza duka wapo juu ya miguu yao kuanzia asubuhi hadi jioni.

Kosa la kawaida hapa ni kutafuta kiatu laini kupita kiasi. Ulaini unapendeza dukani, lakini baada ya saa nne za kusimama, misuli midogo ya mguu inachoka kwa kujaribu kusawazisha mwili juu ya sponji inayobonyea. Chagua soli ya ugumu wa wastani, kikombe cha kisigino kilicho imara na nafasi pana mbele, vidole visibanane. Kiatu cha kukimbilia cha mazoezi, kilicho kipana, hufanya kazi hii vizuri sana. Anayefanya kazi hospitalini au jikoni achague sehemu ya juu ya ngozi au plastiki inayofutika, kwa sababu kitambaa cha matundu hupitisha kila kinachomwagika, na soli yake iwe inashika kwenye sakafu iliyolowa.

Wapo pia ambao raba haiwafai kabisa kazini. Fundi wa ujenzi anahitaji buti, kwa kuwa msumari hupita kwenye soli ya raba bila shida. Dereva wa bodaboda naye anahitaji kiatu kigumu kinachofunika kifundo cha mguu, na kamba zake zichomekwe ndani zisije zikanaswa na mnyororo.

Jimu

Kwa anayeinua vyuma vizito, sponji nene ni adui. Ukichuchumaa na chuma begani, unataka nguvu yote ishuke ardhini moja kwa moja, na mguu usiyumbe hata kidogo. Soli bapa, nyembamba na ngumu ndiyo inayofaa. Converse All Star, iliyotoka mwaka 1917 kama kiatu cha mpira wa kikapu, leo inapendwa na wabeba vyuma wengi kwa sababu hiyo hiyo, na raba ya turubai ya bei ndogo yenye soli bapa inafanya kazi ileile.

Kwa mashine ya kukimbilia, rudi kwenye kiatu cha kukimbilia. Kwa kuruka kamba na madarasa ya mazoezi mchanganyiko, tafuta kiatu kilicho katikati: sponji kiasi sehemu ya mbele, kingo pana za soli, na ubavu ulio imara kwa ajili ya kukata kushoto na kulia.

Mpira wa miguu

Njumu, au daluga kama wengi wanavyoziita Tanzania, zina herufi zinazoonyesha kazi yake. Tafuta chini ya soli, kwenye lebo au kwenye boksi. FG ni kwa nyasi za asili kwenye ardhi iliyokauka. SG ni kwa nyasi laini zilizolowa, na meno yake huwa marefu, mara nyingi ya chuma. AG ni kwa nyasi bandia. TF ina vijino vingi vifupi vya mpira, kwa ajili ya nyasi bandia fupi na viwanja vigumu. IC au IN ni ya ukumbini, soli bapa kabisa.

Wachezaji wengi wa mtaani hununua FG kwa sababu ndizo wanazoziona kwenye televisheni, kisha wanazivaa kwenye uwanja wa udongo mgumu usio na unyasi hata mmoja. Meno hayawezi kuzama ardhini, kwa hiyo uzito wote wa mwili unakaa juu ya nukta chache zinazochoma unyayo, na mchezaji anateleza kama aliyesimama juu ya kokoto. Kwa uwanja kama huo, TF ndiyo jibu. Inagawa uzito, inashika vumbi, na inadumu.

Kwenye viwanja vya nyasi bandia vya kukodi, ambavyo vimeongezeka sana mijini, hatari ni kinyume chake. Meno marefu hung'ang'ania nyasi, mwili unageuka na mguu unabaki palepale, na goti ndilo linalochukua msokoto. Kano za goti zikikatika, mtu anaweza kukaa nje ya uwanja mwaka mzima. Vaa TF au AG, hata kama wenzako wote wamevaa FG.

Mpira wa kikapu

Viwanja vyetu vingi vya kikapu ni vya saruji na viko nje. Soli laini iliyotengenezwa kwa sakafu ya mbao huisha upesi sana juu ya saruji. Tafuta mpira mgumu wenye mifereji ya kina. Kwenye baadhi ya viatu vya Nike, herufi XDR huonyesha soli iliyoongezewa ugumu kwa ajili ya viwanja vya nje. Msingi wa kiatu uwe mpana, na mguu usiteleze ndani unapokata kona.

Kuhusu shingo ndefu ya kiatu, wengi wanaamini inazuia kuteguka. Haijathibitika kuwa shingo pekee inatosha. Aliyewahi kuteguka ndiye aliye katika hatari kubwa ya kuteguka tena, na kinachomlinda zaidi ni kuimarisha kifundo chake: kusimama kwa mguu mmoja kila siku, kuinuka kwa ncha za vidole, na kutorudi uwanjani kabla hajapona.

Milimani

Kwa matembezi ya siku moja Ngong, Usambara au Uluguru, raba ya njia za milimani inatosha: meno ya soli yenye kina, pua ngumu, na kitambaa kinachokauka haraka. Kabla ya kushuka, kaza kamba za juu ili mguu usisogee mbele. Kucha nyeusi hupatikana wakati wa kushuka, vidole vinapogonga ncha ya kiatu kwa saa nzima. Kilele cha Kilimanjaro ni jambo jingine. Usiku wa kuelekea kileleni baridi hushuka chini ya nyuzi sifuri, na hapo panatakiwa buti la mlima lisilopitisha maji, lililovaliwa mara nyingi kabla ya safari.

Raba ya kutokea

Mwanaume ana haki ya kuvaa raba kwa sababu inampendeza. Awe tu anajua kwamba hicho ndicho anachokinunua. Air Force 1 ilitoka mwaka 1982 ikiwa kiatu cha kikapu. Samba ya Adidas ilianza kama kiatu cha mpira kwa viwanja vilivyoganda kwa baridi. Zote leo ni za mitaani, na utengenezaji wa viatu vya michezo umeshazipita kwa mbali. Historia ya kiatu uwanjani haitakulinda uwanjani leo.

Kwa kuvaa na suruali ya kitambaa ofisini au kwenye shughuli, raba ya ngozi ya rangi moja isiyo na maandishi makubwa itakufaa miaka mingi. Nyeupe inapendeza na kila nguo, ila inadai kufutwa kila siku penye vumbi. Anayeishi kwenye barabara ya udongo na kutembea wakati wa masika atapata amani zaidi na nyeusi, kijivu au kahawia.

Namba haitoshi

Nenda kununua kiatu jioni, kwa sababu miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Nenda na soksi utakazozitumia. Nyumbani kwanza simama juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, na uweke alama mbele ya kidole kirefu zaidi, ambacho kwa watu wengine ni cha pili. Pima miguu yote miwili. Karibu kila mtu ana mguu mmoja mkubwa kuliko mwingine, na kiatu hununuliwa kwa mguu mkubwa.

Sasa soma lebo ya ndani ya ulimi wa kiatu. Utaona US, UK, EUR na mara nyingi CM au JP. Hizo za sentimita ndizo za kuaminiwa zaidi, kwa sababu namba 42 ya kampuni moja si 42 ya nyingine. Mguu wa sentimita 27, kwa lebo za Nike za kiume, ni 42.5, kwa Adidas ni 42⅔. Angalia pia kama kiatu ni cha kike. Kwa kampuni nyingi, namba za Marekani za wanawake huzidi za wanaume kwa moja na nusu, kwa hiyo 9 ya kike ni sawa na 7.5 ya kiume, na kwenye rundo la mtumba kosa hilo ni rahisi sana kulifanya.

Kwa kukimbia na kupanda milima, acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Kwa mpira wa miguu nafasi iwe ndogo zaidi, ila vidole visikunjwe. Mwenye mguu mpana atafute alama ya 2E au 4E, ambazo ni viatu vya kiume vilivyoongezwa upana. Asinunue namba kubwa zaidi ili kupata upana, maana kisigino kitapwaya.

Vaa vyote viwili, funga kamba, tembea, ruka kidogo, shuka ngazi kama ipo. Muuzaji akikwambia kitalegea ukikivaa, usikubali. Raba inayobana dukani itabana barabarani.

Mtumba na majina ya kuazima

Mtumba unaweza kukupa kiatu bora kuliko kipya cha bei ileile, mradi uwe na jicho.

Anza na lebo za viatu vyote viwili. Hakikisha namba zinafanana, kwani jozi huchanganyika. Viweke juu ya meza na uvitazame kwa nyuma: kikiegemea upande, sponji imeshakandamizwa na mwendo wa mtu mwingine, na wewe utarithi mwendo huo. Toa soli ya ndani uone kama kuna shimo la vidole na kisigino. Bonyeza sponji kwa kidole gumba. Kama ni ngumu na ina mikunjo mingi ubavuni, imechoka, hata kama sehemu ya juu inang'aa.

Kuna hatari moja ambayo wanunuzi wengi hawaijui. Soli za poliurethani huliwa na unyevu wa hewa polepole hata kiatu kisipovaliwa. Baada ya miaka kadhaa, hasa kwenye joto na unyevu kama wa Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar, zinapasuka na kumung'unyuka ghafla, mara nyingi siku ya kwanza au ya pili ya kuvaliwa. Kwa hiyo raba inayoonekana mpya lakini ni toleo la zamani ndiyo ya kuitilia shaka. Ikunje kwa nguvu mara kadhaa, kwaruza sponji kwa ukucha, tazama kama kuna nyufa ndogo au unga unaonata. Ukiona hivyo, iache hata kama wanakupa nusu bei.

Ukishanunua mtumba, ufue vizuri, ubadilishe soli ya ndani na ukaushe kabisa kabla ya kuuvaa, kwa sababu fangasi za miguu huhama kwa njia hiyo.

Kuhusu feki, tazama namba ya toleo iliyoandikwa kwenye lebo na uitafute kwa simu yako. Picha inayotokea ifanane na kiatu ulichoshika. Tazama mshono na gundi. Lakini hoja kubwa ni hii: feki imewekeza kwenye nembo, haikuwekeza kwenye sponji. Kwa fedha hiyohiyo, raba isiyo na jina kubwa lakini imeunganishwa vizuri, au ya kampuni ya bei ya kawaida kama Bata, ambayo ina kiwanda Limuru, Kenya, itakutendea haki zaidi. Kifundo chako hakisomi nembo.

Kutunza na kustaafisha

Fungua kamba kabla ya kuvaa na kuvua. Kukanyaga kisigino cha kiatu huvunja kile kikombe, na kikishavunjika hakirudi. Osha kwa mkono, kwa maji ya baridi, sabuni ya kawaida na brashi laini. Jiki hugeuza nyeupe kuwa njano na kudhoofisha uzi. Kausha kivulini penye hewa, na karatasi za gazeti ndani. Jua kali, pasi na dashibodi ya gari huyeyusha gundi na kukakamaza sponji. Ukipata uwezo wa jozi mbili, zibadilishe kwa zamu, kila moja ipate siku nzima ya kukauka. Fangasi na harufu vitapungua bila dawa.

Fundi viatu wa mtaani ni rafiki wa kweli. Kwa raba yenye soli ngumu ya mpira iliyopanda ubavuni, mshono wake unaweza kuongeza mwaka mzima. Kwa kiatu cha kukimbilia mwombe abandike kwa gundi asishone, kwa kuwa uzi uliokazwa kupita kwenye sponji huibana na kuikakamaza.

Kiatu cha kukimbilia huhudumu takribani kilomita 500 hadi 800. Anayekimbia kilomita 20 kwa wiki hufika 500 baada ya wiki 25, karibu nusu mwaka. Usingoje soli itoboke. Sponji hufa kabla ya mpira. Dalili ni maumivu mapya ya ugoko, goti au kisigino huku mazoezi yako hayajabadilika. Hapo kistaafishe kwenye mbio, ukivae sokoni na shambani.

Ukiwa na fedha ya jozi moja

Nunua kwa ajili ya shughuli inayoupa mwili wako mzigo mkubwa zaidi na mara nyingi zaidi. Anayekimbia mara tatu kwa wiki anunue kiatu cha kukimbilia. Kitamfaa pia kutembea na kusimama kazini, ila asikipeleke kwenye kikapu. Anayecheza mpira kila jioni kwenye uwanja wa udongo anunue TF. Asiyefanya mazoezi lakini anasimama kutwa anunue kiatu cha kutembelea kilicho imara. Fedha ya jozi ya pili ikipatikana, ielekezwe kwenye shughuli inayofuata kwa uzito, na raba ya kutokea ingoje zamu yake.

Mwenye kisukari asipime kiatu kwa hisia ya mguu pekee, kwa kuwa ugonjwa huo unaweza kufifisha hisia na kidonda kikaanza bila yeye kujua. Apime kwa karatasi, aingize mkono ndani ya kiatu kila asubuhi kutafuta kijiwe au mshono uliotokeza, na akague nyayo kila usiku. Na yeyote mwenye maumivu yasiyoisha baada ya wiki mbili za kupumzika aende kwa daktari, maana kiatu huzuia mengi lakini hakitibu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, safari ijayo ya kununua raba anza kwa kumwambia muuzaji kazi, ardhi na muda, ndipo utaje namba, na rangi iwe ya mwisho. Asiyeweza kukujibu kwa hayo matatu, mshukuru na uende duka linalofuata. Miguu uliyo nayo ndiyo utakayozeeka nayo. Inunulie kiatu kinachoijali.